Ijue namba ya kizingiti chako: mwongozo kamili kwa anayeishi karibu na bahari

Bahari ikitaka kuingia nyumbani, mara nyingi haipigi hodi mlango wa mbele. Dalili ya kwanza huwa mbubujiko kwenye tundu la bafuni. Jua linawaka, ufuko bado mkavu, na harufu ya chumvi iliyochanganyika na maji machafu inaanza kupanda. Mwenye nyumba anachungulia upande wa bahari, haoni kitu, anarudi kukaa. Nusu saa baadaye barabara ya nyuma imegeuka hori.

Karibu kila onyo la mafuriko ya bahari hutaja urefu wa maji kwa mita, na wengi wetu tukisikia "mita nne na nusu" hatujui kama ni maji ya kifundo cha mguu au ya paa. Kwa hiyo kazi kubwa hapa ni kutafuta namba moja: ni kimo gani cha bahari, kwa kipimo kilekile cha jedwali la kujaa na kupwa, kinachofika kwenye kizingiti cha nyumba yako. Ukiipata, mengine yote yanakuwa hesabu ya kujumlisha na kutoa.

Hatua ya 1: Tambua maji yanayopandana

Maji ya kwanza ni bamvua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja, bahari hujaa sana na kupwa sana. Kilele chake kwa kawaida huja siku moja au mbili baada ya mwezi wenyewe, na mabamvua ya karibu na Machi na Septemba huwa makubwa kuliko ya miezi mingine. Wiki moja baadaye ni maji mafu, bahari imetulia katikati. Bamvua peke yake, bila tone la mvua wala upepo, linatosha kufurika mitaa ya chini.

Maji ya pili ni mwinuko wa dhoruba. Hapa watu huchanganya mambo, hudhani ni wimbi kubwa linalokuja na kuondoka. Ni bahari nzima kupanda na kubaki juu kwa saa kadhaa. Sehemu ndogo ya mwinuko huo hutokana na kanieneo ya hewa, yaani jinsi hewa inavyoikandamiza bahari: ikishuka kwa hektopaskali 1, kipimo chake kwenye taarifa za hali ya hewa, bahari huinuka kwa karibu sentimita 1. Kimbunga kinachoishusha kutoka 1013 ya kawaida hadi 963 kimeshainua maji nusu mita kabla upepo haujahesabiwa. Sehemu kubwa ni ya upepo wenyewe, unaosukuma maji kuelekea nchi kavu. Pwani yenye kina kirefu karibu na ufuko huyapa maji hayo nafasi ya kurudi chini kwa chini. Pwani yenye kina kifupi kinachokwenda mbali, hasa ndani ya ghuba inayobana mfano wa faneli, haina nafasi hiyo. Ndiyo maana Ghuba ya Bengal, kwenye pwani ya India na Bangladesh, imeua watu wengi mno: kimbunga cha Novemba 1970 kiliua zaidi ya watu 300,000, wengi wao kwa maji.

Juu ya hayo mawili yapo mawimbi ya kawaida ya dhoruba, yanayobomoa. Na kama unaishi karibu na mlango wa mto, ongeza maji ya mto. Bahari ikiwa juu, mto hauna pa kumwagia na hurudi nyuma. Kimbunga Idai kilipoingia nchi kavu karibu na Beira, Msumbiji, usiku wa Machi 14, 2019, upepo na bahari vilitangulia, kisha katika siku zilizofuata mito ya Pungwe na Buzi ikafurika na kugeuza nyanda zote kuwa ziwa.

Hatua ya 2: Pima namba yako

Unahitaji jedwali la kujaa na kupwa la bandari iliyo karibu nawe, vijiti vichache vya kuchomeka, futi ya fundi, na mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wa mita kumi hivi, ule ambao mafundi ujenzi hujaza maji ili kusawazisha msingi.

Chagua siku tulivu, isiyo na upepo wala mvua, yenye maji makubwa. Soma jedwali: tuseme linasema mita 3.4 kwa saa fulani. Dakika kama kumi kabla, nenda mahali maji yanapofika kwa utulivu, ndani ya hori au kwenye ngazi za gati, usiende ufuko wenye mawimbi. Bahari inaposimama, kabla haijaanza kurudi, chomeka kijiti pale ilipokomea. Alama hiyo sasa ina jina: 3.4.

Kutoka hapo unapandisha kimo hadi nyumbani. Jaza mpira maji, shika ncha moja kwenye kijiti cha kwanza, mwenzako ashike nyingine kwenye kijiti cha pili mbele yake. Maji ndani ya mpira husimama usawa mmoja pande zote mbili, hata kama kati yenu kuna ukuta au tuta. Pima tofauti ya ardhi kati ya kijiti na kijiti, andika, songa mbele, rudia hadi mlangoni. Jumlisha tofauti zote. Ikiwa kizingiti kiko mita 1.2 juu ya alama ya kwanza, namba yako ni 3.4 na 1.2, yaani 4.6.

Tahadhari ya mtu aliyekosea: angalia mapovu. Mara ya kwanza nilipofanya zoezi hili nilipata nyumba yangu iko juu zaidi kwa upana wa kiganja, nikafurahi sana. Siku ya pili nikaona povu moja refu limejificha kwenye kona ya mpira, furaha ikaisha. Rudia upimaji siku tatu tofauti, maana hata kanieneo ya hewa ya siku hiyo huchezesha maji kwa sentimita kadhaa. Majibu yakitofautiana, chukua lililo dogo.

Ukishamaliza, usifunge mpira. Pima pia sehemu ya chini kabisa ya njia unayotumia kutoka. Kwa maoni yangu namba hiyo ya pili ni muhimu kuliko ya kwanza, na sijui kwa nini miongozo mingi huiruka. Tuseme bonde la barabara lina namba 4.1. Nyumba yako ina nusu mita zaidi, lakini ukisubiri kuona maji uani, barabara imeshakwisha zamani.

Andika namba zote mbili kwa rangi ukutani, karibu na mlango, kila mtu wa nyumbani azione.

Hatua ya 3: Soma utabiri kwa namba hiyo

Kabla ya kujumlisha, uliza kipimo kinaanzia wapi. Utabiri unaweza kutaja kimo juu ya sifuri ya jedwali, ambayo mara nyingi huwekwa karibu na maji kupwa ya chini kabisa. Unaweza kutaja mwinuko peke yake, yaani maji yatakayozidi yale ya jedwali. Na unaweza kutaja kina cha maji juu ya ardhi, yaani yatakufika wapi mwilini ukisimama. Mita 2 za aina ya kwanza huenda zikawa siku ya kawaida. Mita 2 za aina ya tatu ni kifo. Tangazo lisipofafanua, chukua maana mbaya zaidi.

Sasa hesabu. Jedwali linasema maji yatajaa hadi mita 3.8, watabiri wanasema mwinuko wa dhoruba ni mita 1.5. Jumla 5.3. Namba yako ni 4.6, kwa hiyo ndani kutakuwa na maji ya sentimita 70 kabla ya kuhesabu mawimbi. Huko si kwa kulala.

Saa ya dhoruba kufika huamua mengi. Kimbunga Sandy kilipoipiga New York usiku wa Oktoba 29, 2012, mwezi ukiwa mpevu, mwinuko mkubwa zaidi uliopimwa jijini na pembezoni mwake haukuwa kusini mwa Manhattan kulikozama. Ulikuwa Kings Point, kijiji kilicho nje kidogo ya jiji, karibu mita 3.9, lakini huko ulikuja bahari ikiwa imepwa. Kusini mwa Manhattan mwinuko ulikuwa karibu mita 2.9 tu, ila ulikutana na maji kujaa, na reli za chini ya ardhi zikajaa maji ya chumvi. Kwa hiyo dhoruba ikichelewa saa sita, hesabu yako yote hubadilika, na utabiri wa saa za kuwasili hukosea kwa urahisi. Kimbunga kinapokaribia, jumlisha na maji kujaa hata kama umeambiwa kitafika wakati wa kupwa.

Upande wa kimbunga nao una maana. Kusini mwa ikweta vimbunga huzunguka kama mishale ya saa, hivyo ukitazama kinakoelekea, upande wake wa kushoto ndio unaosukuma bahari kwa nguvu zaidi. Kaskazini mwa ikweta ni upande wa kulia. Watu wa upande wa pili wanaweza kuona kinyume kabisa: upepo unafagia maji kutoka ghubani. Septemba 2017, Kimbunga Irma kilipopita Florida, Ghuba ya Tampa ilikauka hata watu wakatembea juu ya matope yake. Ukiona hivyo, usiende kuokota chochote. Upepo ukigeuka, maji hurudi.

Acha nafasi ya makosa. Venice, Italia, ambako wakazi wanajua sentimita ngapi hufika mlangoni kwao na king'ora hulia kwa milio tofauti kuanzia sentimita 110, usiku wa Novemba 12, 2019 maji yalifika sentimita 187 kwa kipimo cha mji huo, juu sana ya yaliyotabiriwa mapema jioni hiyo, kwa sababu upepo mkali wa ghafla uliongezeka palepale. Mimi huongeza nusu mita juu ya kila utabiri, na nikiwa nimekosea nimepoteza usiku mmoja tu.

Hatua ya 4: Ziba mlango wa nyuma

Bomba la maji ya mvua linalomwaga baharini ni njia ya kwenda na kurudi. Bahari ikipanda kuliko mdomo wake, maji huingia na kutokea mtaani, na kama mfereji wa maji taka umeunganishwa nalo, hutokea chooni. Dawa yake ni vali ya kuzuia maji kurudi, kibao chenye bawaba kinachofunguka maji yakitoka na kujifunga yakirudi. Kizibo cha kopo, gunia la mchanga lililofungwa ndani ya plastiki, au puto la kuziba mabomba ni msaada wa dharura kwa matundu ya sakafuni. Kagua vali kabla ya kila msimu wa dhoruba, maana mfuko mmoja wa plastiki ukinasa kwenye bawaba, kibao hakifungi na umejidanganya bure.

Tembea pia nyuma ya nyumba wakati wa bamvua. Fuata mitaro na mabwawa. Utashangaa maji yanakotokea.

Hatua ya 5: Nyumba yenyewe

Mbao za kuzuia maji mlangoni na magunia ya mchanga yaliyotandikwa juu ya turubai yanafaa kwa maji ya chini. Zaidi ya sentimita 60 hivi, acha maji yaingie. Mita moja ya ujazo wa maji ya bahari ina uzito wa zaidi ya kilo 1,000, na ukuta wa kawaida unaosukumwa kutoka nje huku ndani ni pakavu unaweza kuanguka wote. Sakafu iliyolowa hukauka.

Pandisha soketi na kabati la umeme juu ya namba unayoitarajia. Funga matangi na mitungi ya gesi kwa minyororo, kwa kuwa tangi tupu huelea na kugonga kama boti isiyo na nahodha. Ziba kisima kwa mfuniko usiopitisha maji. Vyeti, hati za ardhi na dawa viwe ndani ya mfuko mmoja usiopitisha maji, unaoning'inia mahali pamoja mwaka mzima. Wanyama wahamishwe kwanza, mapema, kwa kuwa wao ndio huwachelewesha watu. Kwenye visiwa vidogo vya Halligen, kaskazini mwa Ujerumani, nyumba zimejengwa juu ya vilima vilivyotengenezwa kwa mikono, na bahari inapofunika malisho, mifugo huwa imeshapandishwa kilimani.

Hatua ya 6: Toka kwa saa ya barabara

Rudi kwenye mfano wetu. Kilele ni 5.3, bonde la barabara ni 4.1. Mwinuko ukiwa umeshafika mita 1.5, barabara inafungwa pale jedwali linaposoma 2.6 tu. Bahari haipandi kwa mwendo mmoja: kwa kujaa kwa saa sita, saa ya kwanza hupanda sehemu moja kati ya kumi na mbili ya mwendo wote, ya pili sehemu mbili, ya tatu na ya nne sehemu tatu kila moja, kisha mbili, kisha moja. Ikiwa imetoka 0.8 kwenda 3.8, saa ya tatu na ya nne inapanda sentimita 75 kila saa. Ukipiga hesabu, bonde linazama zaidi ya saa mbili na nusu kabla ya kilele. Ongeza muda wa kufungasha, wa kumchukua bibi wa jirani, wa foleni, na wa miti iliyoanguka. Kwa hali hiyo, saa ya kutoka ni kabla ya kupwa kunakotangulia, wakati anga pengine bado haijachafuka na majirani wanakuona mwoga.

Njiani, kumbuka kina kidogo kina nguvu. Maji yanayokimbia ya sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 60 yanaweza kubeba magari mengi. Maji ya mafuriko hayaonyeshi shimo lililo chini yake.

Ukumbi unaokimbilia nao uupime. Kimbunga Haiyan kilipofika Tacloban, Ufilipino, Novemba 8, 2013, maonyo yalikuwa yametolewa, lakini neno lililotumika kutaja mwinuko wa bahari halikueleweka na wengi. Waliojiandaa walijiandaa kwa upepo, na baadhi ya watu walizama ndani ya vituo walikokimbilia, kwa sababu vilikuwa chini. Zaidi ya watu 6,000 walikufa nchini humo. Ukimwambia mzee wa mtaa kuna hatari, usimpe istilahi. Mwambie: "Babu, maji yatafika hapa," na uweke kiganja ukutani.

Panga pia nani atawaamsha wengine. Uholanzi, usiku wa Januari 31 kuamkia Februari 1, 1953, bamvua lilikutana na tufani ya kaskazini-magharibi, redio ilikuwa imefunga matangazo ya usiku, maji yakawakuta wengi usingizini, na watu 1,836 walikufa. Simu inaweza kuzimika, mtandao ukakatika. Filimbi, ngoma, au kijana mwenye mbio wa kugonga milango havihitaji chaji.

Ukishindwa kutoka, panda ghorofa imara. Usijifungie darini pasipo njia ya kutokea juu. Beba shoka au nyundo.

Hatua ya 7: Maji yakirudi

Usikimbilie nyumbani maji yakianza kushuka. Katika pwani nyingi, kujaa kwingine huja baada ya takriban saa 12 na dakika 25, na kama upepo haujageuka, maji yatarudi.

Umeme usiwashwe hadi fundi akague. Chumvi hubaki ndani ya soketi na mota hata zikikauka, hupitisha umeme na kula shaba taratibu. Betri za lithiamu zilizolowa maji ya bahari, za baiskeli, za magari au za sola, huweza kulipuka moto siku kadhaa baadaye, kwa hiyo zitoe nje, mbali na kuta. Jenereta pia ikae nje kabisa, moshi wake huua bila harufu ya kutosha kukuamsha.

Kisima kikiingiwa na bahari, kuchemsha maji kunaua vijidudu na kuacha chumvi yote. Kishawishi ni kuyavuta yote kwa pampu mara nyingi. Kuvuta kupita kiasi huivuta juu chumvi iliyo chini ya maji matamu na hubomoa kuta za kisima. Toa uchafu, vuta kidogo kidogo, onja, subiri mvua. Shamba nalo linaoshwa na maji matamu, mradi mifereji ya kutolea iko wazi. Bila pa kutokea, chumvi hushuka kidogo kisha hupanda tena wakati wa kiangazi.

Kuhusu mikoko, mitaa mingi huipanda kwa matumaini makubwa mno. Inavunja mawimbi vizuri sana hata kwa upana wa mita mia. Mwinuko wenyewe inaupunguza kwa sentimita 5 hadi 50 tu kwa kila kilomita ya msitu. Ipandeni na mwitunze iliyopo, ila asiyeondoka kwa sababu ana mikoko mbele yake amekosea hesabu.

Kabla hujasugua kuta, tafuta mstari wa matope ndani ya nyumba, uliokaa mahali palipotulia, nyuma ya mlango au ndani ya kabati. Upige msumari, pima kutoka kizingitini, jumlisha na namba yako, uandike kando yake tarehe na kimo hicho. Kisha rudia upimaji wa Hatua ya 2 kila baada ya miaka michache: bahari ilipanda wastani wa sentimita 20 duniani kati ya 1901 na 2018, kasi inaongezeka, na katika maeneo mengi ya milango ya mito ardhi yenyewe inadidimia. Rangi ya zamani usiifute, chora mpya chini yake.